Mwalimu wa Adabu Aliyetaka Kwenda Nyumba ya Wazee

Mama alinipeleka shule ya Kichina ya Jumamosi kwa sababu mwanamke mmoja kanisani alimwambia vyuo vikuu vinapenda sana mtoto mweusi anayejua Kichina. Mimi sikuulizwa napenda nini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Leo nina kumi na sita, na Kichina changu kinatosha kuagiza wali na kuomba radhi, basi. Ila Kiswahili changu kimenyooka mpaka shangazi zangu wa Kakamega wakinisikia kwenye simu wanauliza kama nimeolewa Dodoma. Wa kulaumiwa ni mtu mmoja, Mwalimu, na Mwalimu ni Mchina.

Shule yenyewe ilikuwa madarasa ya kukodi hapa Germantown, Marekani. Siku ya kwanza tulimkuta mlangoni, mzee mfupi aliyevaa kizibao cha manyoya ya bata katikati ya Septemba, ameshika chupa yake ya maji ya moto. Nikamwambia, "Hi." Mama akaninong'oneza akiwa ameuma meno, "Salimia mtu vizuri, usiniaibishe." Yule mzee akatugeukia taratibu, akasema kwa Kiswahili safi kuliko cha baba yangu:

"Mtoto akimkuta mkubwa husema shikamoo. Huyu hajafundishwa?"

Mama aliangusha funguo za gari. Kwao Mama hakuna mambo ya shikamoo. Kwao unasema habari yako, unapita. Lakini pale koridoni, mwanamke mzima anayehudumia wazee kwa mshahara, aliyekuja Marekani kwa visa na ujasiri, alijikuta amesema "shikamoo" kwa Mchina. Na Mchina akajibu "marahaba" kama mtu aliyekuwa akiisubiri tangu uhuru.

Kumbe ujana wake alikuwa mkalimani wa Wachina waliojenga reli kusini mwa Tanzania. Kiswahili alikisomea Beijing, akakimalizia Mlimba na Makambako kwa watu wa kubeba mataruma. Kikagandia hapohapo, kwenye enzi zile. Kila mtu kwake ni ndugu. Mama alikuwa "ndugu mama." Kijana aliyeleta chakula mlangoni alikuwa "ndugu wa piza." Kiingereza chake kilikuwa kibovu na Kichina changu kilikuwa sifuri, kwa hiyo masomo alinieleza kwa Kiswahili. Mimi nilimjibu kwa Kiingereza, kama tunavyofanya watoto wote wa huku tunaosikia kila kitu na kujifanya hatujui kusema. Akawa kiziwi.

"Sisikii," aliniambia. "Kiingereza changu kiko likizo. Jaribu tena."

Miaka minne hakikurudi kazini.

Somo lake halikuwa herufi tu. Kabla ya mapumziko kulikuwa na nusu saa ya adabu, yaani mafundisho ya Konfusio, yule mzee wa ndevu ambaye watu wakitaka msemo wao uonekane na akili wanasema ni wake. Picha yake Mwalimu aliibandika ukutani kila Jumamosi na kuibandua saa sita, maana ukuta haukuwa wetu. Mtu anaishi kwenye kumbukumbu za watu miaka elfu mbili na mia tano, halafu anaishia kwenye selotepu pembeni ya mchoro wa jinsi majani yanavyotengeneza chakula. Tulisimama wima, tukainama mbele ya picha, na mchoro wa majani ukapata heshima zake bure.

Kila mtu pale alikuwa na Konfusio wake. Wa akina baba wahandisi alikuwa mtu wa kuongeza maksi za hesabu. Wa akina mama waliofika juzi alikuwa kitu cha kuvaa, wanawanunulia watoto majoho marefu mtandaoni na kuwapiga picha. Wa wenzangu waliozaliwa huku alikuwa nusu saa ya kulala ukiwa umesimama. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja aliweza hilo bila kuyumba, nilimheshimu sana. Na wa Mama yangu alikuwa Mluhya kamili.

"Heshimu wazazi, soma, usijibizane," Mama aliniambia kwenye gari. "Huyo mtu kwani alizaliwa wapi?"

"China, Mama."

"Wamedanganywa. Huyo ni wa kwetu."

Sasa usifikiri Mwalimu mwenyewe aliishi hivyo. Jumamosi baada ya darasa Mama alimpa lifti mpaka duka la Wachina, Rockville, na pale mlangoni adabu yote alikuwa anaiacha kwenye vigari vya kununulia. Nimemwona kwa macho yangu akimpita kwa kiwiko bibi mwenye mkongojo ili awahi trei ya mayai.

"Mwalimu, na adabu?" nilimuuliza.

"Adabu ni ya watu unaowajua," akasema. "Hapa ni mayai."

Kwenye karata alikuwa mwizi wa wazi. Kamati ya mtaa ilipomwandikia barua kwamba si ruhusa kung'oa nyasi mbele ya nyumba na kupanda vitunguu vya majani, alijibu kwa brashi na wino, kurasa nne za Kichina. Kamati haikusema neno tena. Nilimuuliza aliwaandikia nini. Akasema ni namna ya kupika vitunguu vya majani na mayai.

Siku moja nilimuuliza kama na wao walipokuwa watoto walisimamishwa mbele ya picha. Alicheka mpaka kifuniko cha chupa kikamdondoka.

"Nilipokuwa na umri wako, huyu ndiye alikuwa adui wa taifa," akasema. "Tulimchora na meno ya panya. Mimi nilikuwa hodari wa kuchora."

"Halafu?"

"Halafu wakubwa wakabadilisha mawazo. Sasa ana sanamu. Wakurugenzi wa makampuni wanakwenda kozi yake mwisho wa wiki, wakitoka huko wanawaambia wafanyakazi kwamba kampuni ni familia, kwa hiyo kazi za ziada ni mapenzi. Watoto wanamkariri kama kasuku. Na ipo sheria siku hizi inayomtaka mtoto amtembelee mzazi wake." Akanywa maji yake ya moto. "Watu wanaotembelea mama zao hawaandikiwi sheria."

"Sasa wewe unamfundisha kwa nini?"

"Kwa sababu wananipa darasa lenye joto," akasema, akanigeuzia mgongo, akaanza kubandua selotepu. Nilijua ni uongo. Nilidhani ni uongo wa kawaida.

Mwanawe ndiye aliyekuwa ushahidi kwamba mafundisho yale yanafanya kazi. Ni mtu wa kompyuta, kazi yake iko mbali, Falls Church. Alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili aiwahi barabara kuu ya Beltway kabla haijaganda kwa magari, akarudi saa moja jioni na sura ya mtu aliyepakiwa mahali akasahauliwa. Hakumjibu baba yake vibaya hata siku moja. Alimkatia matunda vipande vidogo. Alimshika mkono kumpandisha ngazi, na nyumba yenyewe ilikuwa zile nyembamba za kupakana, ghorofa tatu, ngazi kila mahali kama adhabu. Wazazi wote kwenye kundi lao la simu walimtaja kuwa mfano. Na mchana kutwa, mkwewe naye akiwa kazini, Mwalimu alibaki peke yake na televisheni na ile mashine ya kukausha unyevu, ambayo alinieleza kwamba ndiyo iliyokuwa na maneno mengi zaidi pale nyumbani.

Ndipo akaanguka kwenye zile ngazi, akavunjika nyonga. Baada ya hospitali wakampeleka kufanya mazoezi wiki sita kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi Mama.

Hapa inabidi nieleze hiyo nyumba. Wazee ni Wamarekani. Wanaowaogesha, kuwalisha na kuwageuza kitandani ni sisi, yaani Mama na mataifa yake. Kuna mama mmoja wa Unguja anayefunga mtandio na kuita kila mzee "bwana wangu." Kuna mpishi Mkongomani. Kuna Wakenya wa kutosha kuanzisha kaunti. Lugha ya koridoni ni Kiswahili cha kila aina, na wazee wa Kizungu wamekizoea kama kelele za mabomba. Mwalimu aliingia pale kwa machela, akasikia mtu anasema, "We, mbona hujanisaidia kutandika, una nini leo?" Akafungua macho. Mama anasema alikuwa kama mtu aliyeshushwa kwenye kituo chake.

Wiki sita alikuwa balaa. Aliwaibia karata wazee wote wa ghorofa ya pili. Mpishi alimwita "papa," akampelekea ndizi kisirisiri. Yule mama wa Unguja alimgombeza hadharani:

"Bwana wangu, mazoezi hutaki, kula hutaki, umbea ndio unautaka?"

"Umbea ni mazoezi ya mdomo, ndugu," alimjibu.

Daktari aliposema amepona, alificha magongo yake nyuma ya kabati ili ionekane hawezi kutembea. Walimrudisha nyumbani hivyohivyo. Na juma lile lile akamwambia mwanawe anataka kurudi kule, akakae moja kwa moja.

Mwanawe akakataa. Kwa heshima zote, akiwa anamkatia tufaha, akakataa.

Mwalimu alitusimulia kwenye gari, tukitoka Rockville. "Ananiuliza watu watasema nini. Mwalimu wa adabu ametupwa na mwanawe. Mke wake amelia. Nimemwambia situpwi, naomba. Anasema hakuna tofauti kwa mtu anayetazama kutoka nje." Akaweka trei ya mayai magotini. "Nimemfundisha vizuri mno. Hilo ndilo kosa langu."

Miezi minne akaomba, miezi minne akakatiwa matunda. Alianza kukonda. Darasani aliruka mistari. Jumamosi moja alisahau kubandua picha, mimi ndiye niliyeibandua. Mama, ambaye ameona wazee wengi wakizima, aliniambia jioni akiwa anakoroga uji, "Yule akikaa pale na hiyo mashine mwaka mmoja, tutamzika." Hakuwa anatania. Mama hatanii kuhusu kazi.

Kwa hiyo niliingilia kati. Ndiyo, mimi. Mwalimu mkuu wa shule yetu ya Jumamosi alikuwa ameona video ya shule moja huko China, watoto wamepangwa uwanjani safu kwa safu, kila mmoja anamwosha mzazi wake miguu ili kuonyesha shukrani. Akatokwa na machozi, akanunua mabeseni ya buluu. Sherehe yetu ingemalizika na mfano wa wakubwa: Mwalimu wa adabu mwenyewe akioshwa miguu na mwanawe, mbele ya wazazi wote na simu zao.

"Mwalimu," nilimwambia kwenye gari, "si umetufundisha mtoto mwema anamtii baba yake?"

"Ndiyo."

"Hata mbele za watu?"

Akakaza kifuniko cha chupa yake. "Wewe binti ni hatari," akasema. "Rudia hiyo, polepole."

Siku ya sherehe Mama alikuja amepaka rangi kucha za miguu. "Naosha miguu ya watu siku tano kwa wiki," alisema akikaa. "Nikipata siku ya sita ya kupumzika, bado naletewa miguu." Nikapiga magoti. Huko nyuma akina baba wahandisi walikuwa wanajifuta macho na muziki wa filimbi unapigwa, na huku kwangu nasikia, "Kisigino. Rudia kisigino. Katikati ya vidole hujafika. Kazini ningekuandikia ripoti." Shukrani zangu zote ziliishia kwenye kidole gumba.

Kisha wakamleta Mwalimu kwenye kiti cha mbele. Mwanawe akakunja mikono ya shati, akapiga magoti, akamwosha kweli, taratibu, kama mtu anayeosha vyombo vya mgeni. Mwalimu akaomba kipaza sauti. Aliongea Kichina, na rafiki yangu wa kulala wima, aliyekuwa ameamka kwa mara ya kwanza, alinitafsiria sikioni.

"Anamuuliza, baba akitaka jambo, mtoto mwema hufanyaje?"

Mwanawe akasema hutii. Watu wakatabasamu.

"Hata majirani wakicheka?"

Mwanawe akachukua taulo. Simu zote zilikuwa zimemwelekea. Akasema, hata wakicheka.

"Basi mimi nataka kurudi kule kwenye nyumba ya wazee. Jumatatu utie saini."

Filimbi ilikuwa bado inalia, hakuna aliyekumbuka kuizima. Yule bwana alibaki na taulo mkononi, maji yanamtiririka kwenye viwiko. Akikataa, si mtoto mwema. Akikubali, si mtoto mwema. Nyuma kabisa bibi mmoja wa miaka yake Mwalimu akapiga makofi, peke yake, kwa furaha kubwa. Jumatatu akatia saini.

Nilijiona bingwa. Nilimweleza kila mtu shuleni, na kila niliposimulia beseni lilikuwa kubwa zaidi. Mwalimu alinenepa. Alirudia wizi wake wa karata. Kitu ambacho sikukisimulia, kwa sababu hakikuchekesha, ni kwamba mwanawe aliacha kuongea naye. Hakuacha kuja. Alikuja kila Jumamosi saa nane, akaleta machungwa, akakaa saa moja kamili akitazama simu, akainama, akaondoka. Hata mimi nilitambua ile ilikuwa nini. Alikuwa anamtii.

Februari hii, wiki mbili baada ya kupata leseni, nilikwenda Jumamosi kumchukua Mama, aliyeshika zamu ya mwenzake hadi saa tisa. Nilifika mapema, nikapitia chumbani kwa Mwalimu kumtania kidogo. Yule mama wa Unguja alikuwa anamnyoa ndevu, kidevu chote povu. Mwanawe alikuwa kwenye kiti cha dirishani na simu yake na mfuko wa machungwa. Nikasema shikamoo. Mwalimu hakuitikia, akaniashiria tu ninyamaze, maana alikuwa katikati ya habari, anaongea Kiswahili chake cha Makambako, polepole.

"Baba yangu alikuwa mwalimu," alikuwa akisema. "Vitabu vya yule mzee Konfusio alivificha chini ya makaa. Vijana wa mapinduzi walipokuja kutafuta, mimi ndiye niliyewaonyesha."

"Mtoto mdogo hajui," mama wa Unguja akasema.

"Nilikuwa kama huyu." Akanionyesha kwa kidole. "Nilijua. Wakampandisha jukwaani, wakanipa karatasi ya kumshutumu, nikaisoma. Nilikuwa na sauti nzuri."

"Na yeye akasemaje?"

"Aliniambia nisimame wima ninaposoma."

Wembe ulisimama. Mwalimu akaendelea, kama anayehesabu vituo. Baba yake alipelekwa mashambani. Yeye akachaguliwa kusomea lugha za nje, kwa kuwa alikuwa kijana mwaminifu. Baba alipougua, jirani ndiye aliyemuuguza. Alipokufa, Mwalimu alikuwa Makambako anatafsiri habari za kokoto.

"Ndiyo maana kule nyumbani siwezi, ndugu," akasema. "Mwanangu akinishika mkono kunipandisha ngazi, siwezi. Nyinyi mnanishika kwa kazi. Kwa kazi naweza."

Mwanawe aliinua macho kutoka kwenye simu. Nadhani ni ule ukimya uliomshtua. Hakuelewa neno hata moja. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Anasema nini?"

Mimi mzaha huja wenyewe, hauombwi. Nilikuwa nao tayari mdomoni: anasema chakula hakina chumvi. Nikamtazama Mwalimu.

"Mwambie," akasema.

"Mwambie wewe. Ni mwanao. Wote mnajua Kichina."

"Kwa Kichina siwezi. Kwa Kichina baba yupo, ananisikia."

Kwa hiyo Wachina wawili wa nyumba moja wakakaa wanasubiri msichana wa Kakamega awatafsirie. Simu yangu ikatetema mfukoni, ni Mama yuko maegeshoni, nikaiacha. Nikamweleza yule bwana kila kitu: makaa, karatasi, kusimama wima, jirani, kokoto, ngazi. Sikuongeza kitu. Kwa mara ya kwanza maishani sikuongeza kitu, na ilikuwa fupi ajabu.

Aliweka simu kwenye dirisha. Alitazama mikono yake. Alikuwa ameambiwa, naona, kwamba babu yake alikufa kwa mapafu, basi.

"Muulize," akasema hatimaye, "babu yangu alikuwa mtu wa namna gani."

Nikamgeukia Mwalimu. "Anauliza baba yako alikuwa mtu wa namna gani."

Povu lilikuwa limeanza kukauka kidevuni. Akamsogeza mama wa Unguja pembeni kwa mkono, taratibu, ili amwone mwanawe pale dirishani.

"Mwambie asogeze kiti karibu."

Nikamwambia. Akakisogeza.